Zuhura shoga yangu, sikukusahau

Assalam alaykum Zuhura,

Mama hajambo? Na ule mguu wake unaendeleaje, bado anasugua na mafuta ya mkaratusi au ushampeleka hospitali? Watoto je? Sisi huku wazima, baba Rahma mzima, Idrisa anakimbia sasa na magego yameanza kutoka kwahiyo usiku hatulali sana, baridi tu ndiyo inatusalimia asubuhi na jioni.

Najua una kinyongo na mie. Ile voisi yako ya wiki iliyopita nimeisikiliza mara tatu, pale uliposema kumbe mtu akifika Mbeya watu wa Tanga wanafutika kwenye simu, nikaiweka simu nikaenda kufua nguo ambazo hata hazikuwa chafu. Leo Idrisa kalala, Rahma yuko shule, nimevaa sweta la baba Rahma na khanga mbili juu yake, nimekaa nakuandikia kwa urefu kwasababu kwa sauti sitaweza. Ukweli ni huo Zuhura, miezi ile ya mwanzo nilikuwa nikisikia sauti yako tu machozi yanatoka, na Rahma akiniona nalia na yeye analia, mdogo naye anadakia, nikaona ninyamaze kwanza mpaka nizoee. Nilikosea, nilitakiwa nikwambie hivyo tangu siku zile. Nisamehe shoga yangu.

Sasa nianze mwanzo maana hujasikia hata safari yenyewe.

Ule mkate wa kumimina uliotufungia haukufika Segera. Chalinze tukakata kulia, Morogoro tukala, alafu tukaingia Mikumi, barabara inakatisha katikati ya mbuga na basi linatembea taratibu, Rahma kaona twiga watatu kwa macho yake, tembo hakuwaona, mpaka leo anadai tulilala ndo maana. Baada ya hapo joto la Ruaha Mbuyuni, mibuyu kila upande na watu wanakimbilia madirisha na vitunguu, ukiona hapo unasema mbona hii nyanda za juu ni uongo, alafu ndo unaanza kupanda Kitonga. Zuhura, Kitonga nilikuwa naisikia tu. Mlima pembeni, bonde pembeni, kona inaisha inaanza nyingine, mbele yetu lori la mafuta linapanda kwa mwendo wa mtu mwenye kikapu kichwani na basi letu haliwezi kulipita, na yanayoshuka yananuka breki. Baba Rahma yeye kama fundi anafurahi, ananionyesha lori hili la Zambia, lile la Kongo, lile linavuja oili, mie nimemkumbatia Idrisa nasoma Ayatul Kursi. Ukimaliza kupanda unafungua macho hali ya hewa ni nyingine kabisa, watu wanafunga madirisha.

Pale Ilula wanauza nyanya barabarani, ndoo kwa ndoo, Rahma akapiga kelele basi zima, "Mama, ona tungule!" Bibi mmoja akacheka vizuri tu akauliza tungule ndo nini mjukuu wangu. Likumbuke hilo neno, nitalirudia.

Iringa akapanda bibi mwingine akakaa karibu na mie, akanisalimia "kamwene", nikamwambia shikamoo bibi mie ni wa Tanga. Akaiangalia miguu ya Idrisa, unajua nilimvalisha ile kaptula ya njano na soksi za kawaida, nikajiona nimejiandaa. Hakusema kitu, akafungua kiroba chake akatoa mtandio wa sufu wa kijani akamviringisha mtoto kuanzia kiunoni mpaka vidoleni. Aliposhuka Makambako nikamrudishia akakataa, akasema huko mnakokwenda ndiko kwenye baridi, utamkuta ananishukuru akikua. Usiku ulishaingia na sikuuliza hata jina. Mtandio ninao, Idrisa halali bila huo.

Tuliingia Mbeya saa saba usiku, mvua inanyesha.

Mizigo sasa. Tulikubaliana na mwenye fuso moja iliyoleta viazi Tanga, kwakuwa inarudi tupu bei ikawa nafuu, akasema siku tatu mtakuwa na vitu vyenu. Siku ya nne simu haipokelewi, siku ya sita anasema yuko Makambako, siku ya tisa ndo tunaona gari. Siku tisa tumelala kwenye mkeka na mablanketi mawili ya kuazima na watoto wadogo, baba Rahma anatoka asubuhi kwenda kazini macho mekundu. Na vilipofika, godoro kubwa limelowa mpaka ndani, mlango wa kabati umeng'oka, kila kitu kina udongo mwekundu na harufu ya viazi, na katoni moja haipo kabisa. Ndani ya ile katoni kulikuwa na sinia la marehemu mama, mapazia, na mbuzi yangu ya kukunia nazi. Nilimuuliza yule bwana kwa upole akasema nyie mlipakia wenyewe. Sikumjibu, lakini lile sinia linaniuma mpaka leo, usiku mwingine naota nalipanga vitumbua.

Nyumba tuko Ilomba, ukitoka Mwanjelwa unaelekea Uyole. Vyumba viwili na sebule, jiko la nje lina bati. Dalali alituambia kwenye simu maji masaa yote, tukalipa miezi sita na pesa yake ya mwezi mmoja juu, tumefika kumbe maji yanatoka siku mbili kwa wiki tena usiku, kwahiyo jumanne na ijumaa naamka saa tisa kujaza ndoo na madumu. Lakini nyumba yenyewe naipenda sitasema uongo. Ukuta haunyonyi maji, uwani kuna mparachichi mkubwa, na ukisimama mlangoni asubuhi mvua ikiwa imekatika unauona mlima Loleza wote umejifunika wingu shingoni kama mtu aliyevaa skafu. Usiku parachichi zinadondoka kwenye bati, puu! Wiki ya kwanza tuliruka wote mkekani, sasa Rahma anahesabu, asubuhi anakwenda kuziokota. Huku parachichi watu wanalisha mifugo Zuhura, zile tunazonunua moja moja Ngamiani.

Asubuhi ya kwanza kabisa nataka kumpaka Idrisa mafuta ya nazi, nageuza chupa hayatoki, natikisa, hayatoki. Yameganda meupe kama mshumaa. Nilikaa na ile chupa mkononi nikaiweka kwapani mpaka yakaanza kuyeyuka, na hapo ilikuwa Desemba tu bado, kipupwe chenyewe hakijafika. Sasa tuko Juni, usiku inashuka chini ya nyuzi 10, maji ya ndoo ukiosha vyombo vidole vinauma mpaka kwenye mfupa.

Alafu huku hakuna vuli na masika kama kwetu. Mvua inaanza Novemba hiyo hiyo inakwenda mpaka Aprili, Mei inamalizikia, baada ya hapo kiangazi kirefu na upepo na vumbi. Maharage yanachelewa kuiva, nikawa nasema mkaa mbaya, kumbe baba Rahma kanielewesha kwamba tuko juu sana, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka mapema kwenye nyuzi 94 hivi kwahiyo hata yakichemka moto wake ni mdogo. Sasa naloweka usiku.

Kuna jambo sikukwambia wala sijamwambia mtu wa nyumbani, hasa mama yako usimwambie.

Ilikuwa Januari, mvua siku ya tatu haikatiki, Idrisa kifua kimebana, godoro halijakauka vizuri. Nikawasha jiko la mkaa nje, lilipokolea vizuri halina moshi nikaliingiza chumbani, nikafunga dirisha nikasukumia khanga chini ya mlango upepo usiingie. Chumba kikapata joto zuri, la nyumbani, nikamlaza Idrisa na mie nikajilaza pembeni. Kichwa kikaanza kunigonga, nikasema ni uchovu. Nikasikia mtu anaita hodi kwa mbali nikawa sina nguvu ya kuitika, naona uvivu tu, na nilikuwa nasikia raha Zuhura, hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka.

Ni jirani, Mama Lusajo, alikuja kuazima kinu. Hakungoja niitike. Alisukuma mlango akaona lile jiko, akalibeba kwa mikono na nguo yake akalitupa uwani kwenye mvua, likalia tsss, akafungua dirisha, akamchukua Idrisa akatoka naye barazani anampigapiga mgongoni anamwita jina. Mtoto alikuwa analegea legea. Alichelewa kidogo kufungua macho, hicho kidogo mie najua urefu wake. Baadae akalia kwa nguvu na mie ndo nikaweza kusimama, nikatapika.

Tukaenda zahanati wakamwangalia, tukashukuru Mungu. Muuguzi akatuambia mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, huoni moshi ndo unadhani salama, inakulaza na haikuamshi. Kwetu Tanga nani anaingiza jiko ndani, dirisha liko wazi mwaka mzima, nitayajulia wapi haya? Mama Lusajo hakunisema hata neno, alirudi jioni na uji wa ulezi na blanketi zito akasema, huku joto linavaliwa, mwanangu, haliwashwi. Tangu siku hiyo kila mgeni wa pwani nikimsikia anahamia mtaa huu naenda kumwambia kabla hata sijamjua jina.

Na tangu siku hiyo Mama Lusajo hapigi hodi kwangu. Anaingia mlango wa nyuma moja kwa moja anafunua sufuria anaangalia nimepika nini. Mara ya kwanza alivyofunua nilikaa kwenye kigoda nikalia, akadhani amenikosea. Nikamwambia hapana mama, kuna mtu kwetu alikuwa anaingia hivyo hivyo.

Sasa Rahma. Hili ndo lililonifanya nikakaa kimya zaidi kuliko yote.

Alianza darasa la kwanza Januari, wiki ya kwanza anaimba, ya pili akanyamaza. Namaanisha kunyamaza Zuhura, mtoto uliyekuwa unamfukuza kwako kwa maneno mengi. Akirudi shule anavua viatu anakaa nyuma ya mlango. Ukimuuliza anatikisa kichwa. Mwalimu anasema darasani hasemi ila anaandika vizuri. Nikampima homa, nikamsomea, baba yake akamnunulia peremende, wapi. Karibu miezi miwili. Usiku anachouliza ni kuku wake tu aliyebaki kwako, Kishungi amekula, Kishungi amelala wapi, alafu basi.

Baadae Atu, mtoto wa Mama Lusajo anayesoma naye, ndo akasema. Kumbe mwalimu alichora nyanya ubaoni akauliza hii nini, Rahma akanyoosha mkono wa kwanza akasema tungule. Darasa zima wakacheka, na mapumziko wakawa wanamwita Tungule, Tungule njoo. Neno moja hilo tu. Akaona kumbe maneno yake yote ni mabaya, akayafunga.

Mie nilitaka kwenda shule kugomba. Mama Lusajo akasema ngoja kwanza. Jioni yake nimekaa namenya viazi, Rahma nyuma ya mlango kama kawaida, nasikia nje Mama Lusajo anamtuma Atu kwa sauti kubwa, "Nenda kwa Mama Rahma kaniombee tungule mbili!" Atu anakuja anasema shikamoo, mama anaomba tungule mbili. Kabla sijanyanyuka Rahma katoka nyuma ya mlango, kachukua nyanya tatu siyo mbili, kakimbia nazo peku kwenye matope, na nikamsikia huko nje anamwelezea Mama Lusajo kwamba kwa bibi yake tungule zinaota zenyewe nyuma ya choo na kwamba kuku wake anazila. Alisema na kusema na kusema. Niliacha kisu nikaegemea ukuta nikamsikiliza mpaka giza likaingia.

Sasa hivi ukipiga utashangaa, asubuhi ananiamsha "ugonile mama", jioni ukimpa kitu anasema ndaga, ndo asante ya Kinyakyusa, na Atu naye anasema tungule mpaka sokoni. Mwalimu alipopata habari aliwakanya wale watoto, ni mwalimu mzuri, wanafunzi wengi tu darasa lake.

Baba Rahma kazi inakwenda. Gereji iko Uyole, malori ya Tunduma yote yanapita pale, hakosi gari la kulala chini yake. Mshahara ni mzuri kuliko Tanga na unalipwa kwa wakati, hilo ndilo lililotuleta na hilo limetimia alhamdulillah. Idrisa chanjo yake ya surua ya miezi 18 amechomwa juzi, kadi ya Tanga wameipokea bila shida.

Na Ramadhani je, nikwambie nilivyoumia? Siku ile ya kwanza tuko wote kwenye simu, unakumbuka, nikasikia adhana ya kwenu kwenye simu yako, ukasema bismillah ukanywa maji, mie natoka nje naangalia jua bado liko juu ya mlima. Huku jua linachelewa kuzama, tumekaa magharibi sana, nilikusubiria dakika ishirini na kitu kila siku wewe ushafika kwenye tambi. Ndo maana nikawa sipokei simu ya magharibi. Nilikuwa nasikia kama mmeniacha. Mama Lusajo ni Mmoravian lakini mwezi mzima alinitumia magimbi na mchele wa Kyela akaniambia pika vile mnavyopika nyie, mie nakuja kula.

Samaki wa bahari sahau, ila kuna mbasa wa Ziwa Nyasa, nyama yake nzuri, na usipa wanakaangwa kama dagaa wetu. Nazi zipo Mwanjelwa ila kavu na bei, na sina mbuzi nasaga kwenye blenda ya jirani. Nimeanza kuuza mandazi pale barabarani asubuhi. Mwanzoni unga haukuumuka, unalala usiku kucha unaamka vile vile, sasa nakanda kwa maji ya uvuguvugu, nafunika sufuria, nalivika lile blanketi la Mama Lusajo kama mtoto mchanga, saa kumi na moja naukuta umepanda hadi ukingoni. Natia iliki. Madereva wanauliza mandazi ya yule dada wa Tanga yako wapi.

Sasa nina ombi na usikatae. Njoo Agosti. Watoto watabaki na dada yako, mama atakaa na shangazi, wiki moja tu, kutakuwa na Nane Nane pale uwanja wa John Mwakangale, nitakuonyesha ng'ombe na maboga usiyowahi kuyaona. Siku hizi mabasi yanatembea hata usiku lakini wewe panda la asubuhi uione Kitonga kwa mwanga. Njoo na sweta, siyo lile la harusi, sweta la kweli, na soksi. Niletee mbuzi ya nazi, nazi kumi, ng'onda kidogo umfunge kwenye mifuko miwili abiria wenzio wasilalamike, na udi. Mama Lusajo anakusubiri, nimeshamwambia kwamba wewe ndo yule mtu, anasema akija atapika mbalaga, zile ndizi zao za kupika.

Na Rahma amenisimamia hapa nimalizie na la kwake, amerudi shule sasa hivi. Anasema Kishungi akitotoa, kifaranga cha kwanza kiitwe Loleza, na usikiuze. Nimemwambia utampigia simu mwenyewe umwambie, jioni hii baada ya magharibi. Yenu au yetu, yoyote, nitapokea.

Wako,
Mama Rahma